Nani Ambebe Seok-man?

Kaeni nami kidogo, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi hapa. Kuihadithia ni rahisi, kuiamua ndiko kulikonishinda.

Kulikuwa na watu watatu huko Busan, mji wa bandari nchini Korea. Wa kwanza, Okju, alijaliwa kumbukumbu. Mchezo wa ubao akiutazama mara moja, hata mwaka ukipita angeweza kuupanga upya kete kwa kete. Wa pili, Gil-rye, alijaliwa uso. Moyoni mwake pangeweza kuwaka moto, nawe usoni ukaona maji yaliyotulia. Wa tatu, Chun-bae, alijaliwa jicho. Akiutupia ubao macho tu, anajua nani atashinda na kwa njia gani.

Mtu mmoja ndiye aliyewaunganisha, jina lake Seok-man. Kwa Okju alikuwa kaka. Kwa Gil-rye alikuwa mume. Kwa Chun-bae alikuwa rafiki tangu utotoni.

Seok-man alikuwa mwalimu wa baduk. Huo ni mchezo wa kule: ubao wa mistari, mmoja ana kete nyeusi, mwenzake nyeupe, wanaziweka kwa zamu, na kete zikizingirwa zimeliwa. Alifundisha watoto, akaridhika na maisha yake. Lakini sifa ya mtu hufika hata isikotakiwa. Chini ya ghala moja la samaki kulikuwa na chumba cha kamari, na mwenyewe aliitwa Ma Gu-sik. Watu waliingia humo kucheza naye baduk kwa dau, wakatoka hawana gari, hawana nyumba. Gu-sik hakuwahi kushindwa. Akamwalika Seok-man, na Seok-man, kwa kile kiburi kidogo cha fundi, akaenda.

Katikati ya mchezo akasikia kitu kinagonga taratibu chini ya meza. Akainama, akaona waya mwembamba umeingia katika kiatu cha Gu-sik. Akainua macho, akaona tundu darini.

"Mzee Ma," alisema, "kumbe nacheza na mtu wa juu, si wewe."

Watu wakatolewa nje upesi. Seok-man hakutoka. Polisi walitafuta wakachoka. Maiti haikuonekana, na kila aliyeulizwa aliapa kwamba hakuona kitu.

Je, darini alikuwamo nani? Chun-bae. Gu-sik alimwajiri kwa ajili ya jicho lake: alale kifudifudi, atazame ubao kupitia tundu, abonyeze kitufe, na kiatu cha tajiri wake kigonge. Siku ile hakuambiwa nani anakuja kucheza. Alipomwona rafiki yake, hakuthubutu kushuka. Alivyopigwa, aliona. Alikopelekwa, hakuona.

Aliibeba siri hiyo mpaka ikamwelemea. Akaenda nyumbani kwa Gil-rye, akamkuta na wifi yake Okju, akapiga magoti mlangoni na kusema yote. Okju alimzaba kofi. Gil-rye alimwuliza tu:

"Bado unafanya kazi kule?"

"Bado, shemeji."

"Basi usiache."

Bila maiti polisi wasingemshika Gu-sik, basi watatu hao wakapanga kumlazimisha ubaoni aseme alikomficha. Okju akaanza kuwatafuta watu walioshindwa na Gu-sik, mmoja baada ya mwingine, mji hadi mji. Aliwaomba wampangie ubaoni jinsi walivyoliwa, naye akaweka yote kichwani, hadi akamjua Gu-sik kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Ujana wake uliishia hapo. Siku moja, akiwa mbali mbele ya ubao wa mtu asiyemjua, mama yake alikata roho kijijini, akimwita. Alifika kaburi limekwisha kufunikwa.

Gil-rye akaomba kazi kwa Gu-sik, ambaye hakuwahi kumwona. Alipiga deki sakafu ile ile aliyoangukia mumewe. Alimmiminia chai aliyemwua, akatabasamu, akaulizwa hali akajibu njema. Binti yake Bomi alipopata habari, alisimama mbele yake na begi mkononi.

"Mama, mji mzima unajua Gu-sik alichomfanyia baba. Wewe unamwandalia chai?"

Gil-rye angesema neno moja tu, mtoto angeelewa. Lakini siri ya watatu haiwezi kumezwa na mtoto. Bomi akahamia kwa bibi yake mzaa mama, na tangu hapo akipigiwa simu hapokei.

Siku ikafika. Okju aliingia kule chini mchana kweupe, mbele ya wacheza kamari wengi, akajitaja kuwa dada wa Seok-man.

"Nikishindwa, nitakaa humu nikuchezee wewe maisha yangu yote," alimwambia Gu-sik. "Ukishindwa, utaniambia kaka yangu amelala wapi."

Gu-sik akacheka. "Nitajuaje mimi alikolala mtu?" Akawa anataka kumfukuza. Gil-rye akainama kumjazia kikombe, akamnong'oneza kwa upole:

"Bosi, ukimfukuza watasema umemwogopa mwanamke."

Gu-sik akawatazama watu waliomzunguka. "Kaa," akamwambia Okju. "Ukinishinda, huenda nikakumbuka."

Wakacheza. Darini, Chun-bae aliongoza kwa uaminifu, maana angekosea mapema Gu-sik angeshtuka. Okju alizuia kila shambulio, kwa kuwa yote aliyajua. Lakini kuzuia si kushinda. Ikafika kona moja ya ubao, roho ya mchezo wote. Hapo Chun-bae akabonyeza uongo. Mkono wa Gu-sik ukasita hewani. Macho yake yalimwambia hivi, mguu ukamwambia vile. Mtu aliyezoea kuonyeshwa husahau kuona. Akaufuata mguu. Okju akaweka kete yake, na upande mzima wa Gu-sik ukawa umeliwa.

Gu-sik alitazama juu. Vijana wake wawili wakapanda darini, na mara chumba kizima kikasikia mtu akilia: walikuwa wakimponda vidole Chun-bae. Kilio hicho ndicho kilichowafumbua macho wacheza kamari. Kumbe miaka yote darini kulikuwa na mtu! Waliopoteza nyumba wakasimama. Mmoja akafunga mlango kwa ndani. Wengine wakapanda, wakamnyang'anya Chun-bae mikononi mwa wale vijana.

"Lipa dau la dada," walimwambia Gu-sik.

Akasema: nyuma ya mashamba ya chumvi yaliyoachwa, penye kisima kilichofukiwa. Polisi walipochimba, wakamkuta Seok-man hapo. Gu-sik alifungwa, na atafia gerezani.

Mifupa ilichomwa kama ilivyo desturi, majivu yakatiwa katika mtungi mmoja mweupe. Na desturi ya ukoo wao ni kwamba majivu hayagawanywi. Mtu mmoja huubeba mtungi, akatangulia, na anakouweka ndiko marehemu anakolala milele.

Okju akasema, "Namrudisha kijijini, kando ya mama. Mama alikufa mikono mitupu. Hakuniona mimi, hakumwona yeye. Angalau mmoja alale karibu naye."

Gil-rye akasema, "Alale hapa mjini, wifi. Bomi hataki kuniona, lakini kwa baba yake atakuja. Siku moja tutakutana hapo kaburini, na pengine ataniuliza, nami nitamweleza."

Chun-bae alikuwa amesimama mbali, mikono imefungwa bandeji, vidole ambavyo havitashika kete tena.

"Nyinyi kila mmoja ana wake wa kumlilia," alisema. "Mimi niliyekuwa naye nilimwacha. Kuna hekalu mlimani. Nipeni nimpeleke, nikae naye, nimfagilie kaburi mpaka nife. Sina njia nyingine ya kumwomba radhi."

Okju alitaka kumfokea, lakini akaitazama mikono ile, akageuza uso. Gil-rye akalia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kuyaona machozi yake. Mtungi ukabaki mezani. Hakuna aliyeugusa.

Bila kumbukumbu ya Okju, mchezo usingefika ile kona. Bila uso wa Gil-rye, usingechezwa. Bila jicho la Chun-bae, Okju asingeushinda; lakini bila jicho hilo hilo, Seok-man labda angekuwa hai.

Mimi nimewaza hadi nimechoka. Nyinyi mlioketi hapa, kama mtungi ule ungekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani?