Lori Lililokataa Kulazwa

Mwaka 2002 mji wa Mtwara ulikuwa na malori ya aina mbili. Yalikuwapo malori ya makampuni, mapya na marefu, yenye madereva wa mshahara. Na yalikuwapo malori ya watu binafsi, kila moja na mwenyewe, ambayo mengi yalikuwa yamekwisha kutumika nchi za watu kwa miaka mingi kabla hayajaletwa kusini kumalizia uzee wao. Haya ya pili ndiyo yaliyokwenda ambako yale ya kwanza hayakutaka kwenda: Mpapura, Kitaya, na vijiji vingine vyenye njia za mchanga kando ya Mto Ruvuma. Mtu mwenye lori lake alikuwa bosi, dereva na karani wa kazi yake mwenyewe, naye hakuamka asubuhi kwa amri ya mtu.

Miongoni mwa watu hao alikuwapo Mzee Godfrey Komba, mzaliwa wa Songea, aliyeletwa Mtwara na kazi ya bandari. Alipopunguzwa kazini katika miaka ya tisini, wenzake wengi walirudi makwao au walifungua vibanda. Yeye alinunua lori la tani saba, la rangi ya buluu. Lori hilo lilimlipia shule bintiye Elizabeti, likamjengea nyumba, na likamfanya aitwe Mzee kabla ya kichwa chake kuota mvi. Alilifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kunywa chai, na shati lake la kaki lilinyooshwa pasi hata siku ya kubeba chumvi.

Jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa moja. "Injini hii," alizoea kusema huku akiigonga boneti kwa kidole, "haijawahi kufunguliwa."

Asiyejua mambo ya malori ataona hayo ni maneno matupu. Kwa wenye malori yalikuwa na uzito kama hati ya shamba. Injini iliyokwisha kufunguliwa na mafundi hupungua thamani machoni pa watu, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichotolewa wala kilichorudishwa. Isiyofunguliwa ni ushahidi kwamba mwenyewe ni mtunzaji. Kwa hiyo Mzee Komba aliposema maneno yale, alikuwa akijisifu yeye zaidi ya lori.

Mwezi wa Aprili tangazo lilibandikwa kwenye lango la ghala la Bwana Zainulabedin, mfanyabiashara wa ukoo wa Mikindani aliyekusanya korosho za kupakiwa melini. Lilisema kwamba kuanzia msimu wa Oktoba, lori lolote litakalotoa moshi mzito halitaingia ghalani. Msimu uliopita makuli walikuwa wakikohoa ndani ya ghala kama watu wenye kifaduro, na magunia ya shehena moja yalikataliwa na mnunuzi kwa kunuka dizeli.

Wenye malori walikusanyika langoni wakiwa wamefura kama hamira. Msemaji wao alikuwa Anold, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, mwenye lori kuukuu la kijivu.

"Bwana Zainu," alisema Anold, "lori la dizeli lisilotoa moshi ni lori lililozimwa!"

Watu walicheka. Bwana Zainulabedin naye alicheka. "Moshi mwembamba siukatai, Anold. Ninaukataa ule wako unaotufanya tusali Magharibi saa saba mchana."

"Lakini haki iko wapi? Makampuni yana magari mapya. Sheria hii imetungwa ili sisi wenye lori mojamoja tutoke."

"Mkitoka ninyi, korosho za Kitaya nitazibeba kwa kichwa changu? Sikilizeni." Akamwita mbele Irene, fundi mwanamke aliyetoka Bukoba, ambaye wenye maghala walimwajiri kupima moshi. "Mwenye gari bovu ajiandikishe kwa huyu kabla ya mwisho wa Agosti. Vipuri vyenu vitaagizwa kwa pamoja na kuletwa kwa meli, maana barabara ya Dar mnaijua wakati wa mvua. Nafasi yako ya msimu haitapotea, hata ukichelewa kutoka kwa fundi. Ila atakayeficha, kisha tukamkuta langoni anafuka, msimu mzima yuko nje."

Hayo yalikuwa masharti, na hayakuwa mabaya. Ubaya ulikuwa kwamba majina ya waliojiandikisha yalibandikwa ukutani ili makarani wayajue. Madereva hawakukawia kuuita ukuta ule "wodi", na mtu aliyeandikwa walisema amelazwa.

Wa kwanza kulazwa alikuwa Anold.

"Jamani, Anold kalazwa!"

"Anaumwa nini?"

"Kifua! Mpikieni uji!"

Mzee Komba, aliyekuwa ameegemea lori lake la buluu, aliongeza lake. "Usijali, Anold. Saa ya kutazama wagonjwa nitakuja. Nitakuletea chungwa."

"Njoo na mawili, Mzee Komba," Anold alijibu. "Kitanda cha jirani yangu hakijapata mtu."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na Mzee Komba alicheka kuliko wengine. Lakini maneno yale yalimchoma kama mwiba, kwa sababu aliijua siri ya lori lake. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amelipeleka kwa Fundi Bakari, kwenye karakana iliyoko njia ya Naliendele. Bakari aliiwasha injini, akafungua kifuniko cha kujazia oili, na moshi ukamtokea usoni kwa mapigo, puh, puh, puh, kama chungu kilichochemka.

"Mkulungwa," Bakari alisema kwa heshima wanayopewa wazee wa huko, "ringi za pistoni zimekwisha. Gari linachoma oili. Na nozeli zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Tufungue."

"Tufungue?"

"Sasa nitabadilisha ringi kwa kupitia bomba la moshi?"

"Hakuna dawa nyingine?"

"Dawa ni hiyo. Vipuri vikifika, wiki mbili tu gari linatoka. Ukichelewa, oili itakuwa inapungua bila wewe kujua, na injini isiyo na oili haiugui. Inakufa."

Mzee Komba aliondoka akimwomba Bakari asimwambie mtu.

Nyumbani mkewe, Mwalimu Jesca, hakuhitaji kuambiwa. Aliona magaloni matupu ya oili yakiongezeka nyuma ya jiko.

"Baba Eliza, oili hii inakwenda wapi?"

"Magari hunywa, Mama Eliza. Ndiyo kawaida yake."

"La kwetu limekuwa mlevi. Nenda ukajiandikishe."

"Niandikwe ukutani mimi? Watasema Komba naye!"

"Watasema. Halafu watachoka kusema, na wewe utakuwa na lori."

Mzee Komba alikuwa mtu mwema, lakini katika jambo hilo alikuwa haambiliki. Jina lake lilikaa mahali pa juu kwa miaka minane, naye hakuona namna ya kulishusha hata kwa wiki mbili.

Siku za upimaji zilifika mwishoni mwa Agosti. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Gari lilisimamishwa bila mzigo, mwenyewe akakanyaga mafuta mara tatu hadi mwisho, na Irene akashika kitambaa cheupe nyuma ya bomba la moshi. Kitambaa kikiwa cheusi, gari limeshindwa.

Mzee Komba alikuwa na dawa ya siku moja. Kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu inayopima kiasi cha mafuta yanayoingia kwenye injini. Aliifunga mizunguko kadhaa, hata injini ikawa inapata dizeli kidogo sana. Kisha alimwaga oili ya kawaida na kujaza nzito kama asali. Lori lilipungua nguvu, lakini moshi nao ulipungua. Alipokanyaga mara tatu, kitambaa cha Irene kilipata kivuli tu.

Irene alikitazama kitambaa, akaitazama injini, akasikiliza.

"Limepita, mzee wangu. Lakini linapumua kama mtu aliyebanwa. Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Injini hii haijawahi kufunguliwa, binti."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza kama kuna kitu. Daftari liko wazi mpaka Ijumaa, na hakuna atakayekulaumu."

"Hakuna kitu."

Irene akaibandika stika ya kijani kwenye kioo. Mzee Komba alizunguka mji mzima siku ile, akijiona kama mtu aliyevuka mto bila kulowa nguo. Ijumaa ikapita. Wakati huohuo lori la Anold lilikuwa juu ya mawe kwa Bakari, vipande vyake vimetandazwa juu ya turubai kama bidhaa za mnadani, na kila aliyepita alitupa neno. Wiki mbili baadaye lilitoka. Jina la Anold likafutwa ukutani, na watu wakatafuta mwingine wa kumcheka.

Oktoba malori sita ya watu binafsi yalitumwa Kitaya kubeba korosho. Mzee Komba hakuthubutu kuifungua skrubu, kwa kuwa malori yalitazamwa tena langoni yakiwa na mzigo. Alijiambia kwamba atakwenda polepole. Walipomaliza kupakia alidai kutangulia, kama ilivyokuwa desturi ya mkubwa wao, na hakuna aliyembishia.

Bondeni walikwenda salama. Lakini kutoka bonde la Ruvuma barabara hupanda, na mchanga wake ni mwingi. Lori la buluu lilifika katikati ya mlima, likapunguza mwendo, likatetemeka, likazima. Mzee Komba aliliwasha. Likasogea hatua chache, likazima tena. Njia ilikuwa nyembamba na hapakuwa na pa kupishana. Nyuma yake malori matano yalisimama, honi zikaanza.

"Mzee Komba, panda au rudi!"

"Amebeba korosho huyu, au amebeba kaburi?"

"Mwacheni," mwingine alisema. "Lori lenye stika ya kijani hupanda kwa stika!"

Mzee Komba alishuka, uso umemwiva. Alifungua boneti, akachukua spana na bisibisi, akaifungua skrubu kuirudisha ilipokuwa. Kwa ajili ya zile honi, akaizungusha zaidi. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa hapo mbele ya mkono wake. Hakukichomoa.

Lori liliunguruma na kuanza kupanda. Moshi ulioganda tumboni mwake miezi miwili ulitoka wote kwa pamoja, mweusi tii, ukaifunika barabara hata malori ya nyuma yakawasha taa. Wanawake waliokuwa wakiokota korosho shambani walijifunika nyuso kwa khanga na kukimbia. Mzee Komba aliendelea kukanyaga. Kilele kilibaki mwendo wa kutupa jiwe.

Kwanza ulisikika mgongano, kama mtu anayegonga sufuria kwa nyundo. Ukaongezeka. Kisha kishindo kimoja, na kimya. Oili kidogo, ile iliyobaki, ilichuruzika juu ya mchanga.

Moshi ulipotawanyika madereva wote walikuja. Anold alilala chini, akatazama kwa muda mrefu, kisha akatoka. Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu la kutosha kupitisha ngumi. Chuma cha ndani kilikuwa kimekatika na kutoboa bloku. Waliosimama waliinama mmoja mmoja wakachungulia. Hakuna aliyecheka, na ukimya huo ulimwumiza Mzee Komba kuliko kicheko.

Magunia yalihamishiwa kwenye malori mengine. Lori la buluu lilisukumwa pembeni, na Mzee Komba akapanda kwa Anold. Injini ya lori la kijivu ilikuwa ikivuta mzigo wa ziada, na kwenye kioo cha pembeni nyuma yao hapakuonekana ila vumbi.

"Ulikuwa unajua?" Anold aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Bakari aliniambia. Mama Eliza aliniambia. Yule binti aliniuliza mara mbili."

Anold alibadilisha gia. "Kumbe kule ukutani mimi nilichekwa na mahututi," alisema, wala hakusema kwa hasira.

Fundi Bakari alikwenda mlimani siku ya tatu. Alitia mkono kwenye lile tundu, akautoa, akaufuta kwa tambara. "Ringi ningebadilisha, Mkulungwa," alisema. "Nozeli ningebadilisha. Hii ni maiti." Injini nyingine ya namna ile haikupatikana Mtwara, na mwenye lori hakuwa tena na kazi ya kumwezesha kuiagiza mbali. Magurudumu yaliuzwa, bodi ikauzwa, na msimu uliofuata Mzee Godfrey Komba alionekana akiendesha lori la kampuni kwa mshahara, akiamka asubuhi kwa amri ya watu wadogo kuliko bintiye.

Ringi zilizochakaa ni maradhi ya kawaida ya kila lori linalofanya kazi, na dawa yake ilikuwa imekwisha kupata nafasi melini. Waliolazwa walipona, na aliyejitia mzima akazikwa mbele ya macho ya wote. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.