Diodi Tisa za Sekibaha

Pengo la mmoja ni mzigo wa wote. Mmeisikia kwa mafundi, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na karakana ya watu watano waliotengeneza mashine za leza za kutibia macho. Mkuu wao alikuwa Bi Mwantumu. Aliyewapita wote kwa wepesi wa mikono alikuwa Sekibaha, naye alijijua.

Ndani ya mashine hizo mna kapasita, kopo linaloshiba umeme kisha kuutema wote kwa mpigo mmoja. Umeme huo ukishatemwa hutaka kurudi kinyume na kuliharibu kopo. Kinacholilinda ni mnyororo wa diodi kumi na mbili, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kila kimoja kidogo kama punje ya hindi. Hakuna hata moja iwezayo kuhimili peke yake nguvu ya kopo lililoshiba, hugawana.

Siku moja, katika mashine aliyokuwa akiitengeneza, Sekibaha alikuta tatu zimekufa. Mpya zingechukua siku mbili kufika, na gari la hospitali lilikuwa limekwisha kuja kuchukua mashine. Hakustahimili kusikia ikisemwa kwamba Sekibaha amechelewa. Akaziruka zile tatu kwa kipande cha waya, umeme upite bila kuzigusa. Akajaribu kwa umeme mdogo. Mashine ikapiga mara ishirini bila kusita.

"Tisa zinatosha," akajiambia.

Sasa, desturi ya karakana ile ilikuwa hivi: mkuu hafungui kazi ya fundi kuikagua. Humuuliza swali moja, kisha yeye mwenyewe huipandisha mashine hadi nguvu kamili.

"Ziko zote, mwanangu?"

Sekibaha akafuta mikono. "Bi Mkuu, leo unanipa mtihani wa chekechea?"

Wenzake wakacheka. Bi Mwantumu hakucheka. "Nimeuliza. Ziko zote?"

Neno "bado" lilimfika ulimini. Akawatazama wenzake, akalimeza.

"Ziko."

"Haya. Nawasha kwa neno lako."

Akazungusha kitufe. Kopo likashiba. Diodi moja ikaelemewa, ikapasuka. Mzigo wake ukaziangukia nane, na kabla jicho halijapepesa zote zilikuwa zimekwisha. Kopo likalipuka, kifuniko cha chuma kikaruka, kikamchana Bi Mwantumu mkono wa kulia.

Sekibaha alivua shati, akamfunga. "Zilikuwa tisa, mama."

"Hizo siku mbili," Bi Mwantumu akasema polepole, "ningekupa."

Alipona, lakini vidole havikukunjika tena. Kazi yake ikagawanywa kwa wanne waliobaki. Sekibaha aliomba fungu kubwa, akapewa, akalifanya mpaka mgongo ukamuuma, na bado wenzake watatu walirudi makwao wamechoka kuliko zamani. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomwinamisha.

Siku moja mgeni akauliza kwa nini kazi ya siku mbili siku hizi inachukua nne. Sekibaha, bila kuinua macho kutoka kwenye diodi alizokuwa akizihesabu, ndiye aliyejibu:

"Pengo la mmoja ni mzigo wa wote."