Mwali Aliyelinda Sauti Yake

Mpo?

— Tupo!

Masikio yakoje?

— Wazi!

Na ndimi ziko wapi?

— Nyuma ya meno!

Zikae huko huko. Mtaona sababu.

Hapo kale, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, palikuwa na msichana aitwaye Mkunde. Aliishi mlimani na mama yake, Nakiete, aliyekuwa kipofu. Nakiete aliwajua watu kwa sauti, kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake, na hakukosea. Mkunde akitoka mtoni huita, "Ni mimi, mama." Mama hujibu, "Wewe ndiwe wangu."

Akaja mchumba kutoka ng'ambo ya kilima cha Mkonga. Si Mkongwa, kama wasemavyo vijana. Ni Mkonga. Alileta mbuzi, akaleta na dengelua, pombe ya miwa, katika vibuyu vipya. Yeye mwenyewe hakutamka neno. Mshenga ndiye aliyesema.

Siku ya kuondoka, Nakiete alimshika binti yake mikono.

"Mila unaijua. Mwali hasemi wala haulizi mpaka mkwe ampe zawadi ya kinywa, aipokee, ndipo aamkie. Utasikia maneno ya kwao usiyoyajua. Usihangaike. Tazama neno limekaa na maneno gani, ndipo utalijua."

Mkunde akaenda. Kule ng'ambo ukungu haukuinuka hata kwa jua la mchana. Mama mkwe alikuwa kikongwe, mgongo umepinda, lakini sauti yake ilikuwa ya msichana. Uani alikuwapo mwanamke kijana akitwanga. Midomo yake ilikwenda kama ya mtu aimbaye, na wimbo haukusikika.

Asubuhi Mkunde alimwona jogoo juu ya ua. Jogoo alinyoosha shingo, akapanua mdomo. Kimya.

"Huyo amelunzwa," mama mkwe akasema. "Usimngoje akuamshe."

Kulunzwa! Mkunde hakulijua neno hilo, na kuuliza hakuruhusiwa. Akawaza: labda ni kuzeeka. Akamtazama tena jogoo. Manyoya yang'aa, kucha fupi. Si mzee. Akaitupa maana ile.

Mchana akapita mbwa mdogo, akamwona mgeni, akaruka, akapanua mdomo. Kimya.

"Naye tulimlunza juzi," mama mkwe akasema. "Mwizi akija, hatutajua."

Mkunde akawaza: labda ni kufungwa kamba. Lakini mbwa alikuwa akikimbia apendavyo. Akaitupa na maana hiyo.

Jioni akawasikia nyuma ya ukuta, mama mkwe na mwanawe.

"Huyu tutamlunza lini, mama?"

"Neno la kwanza tu akiamkia, kama tulivyomlunza yule wa mwaka jana. Hii ninayosemea sasa imeanza kuchakaa."

"Yule wa mwaka jana alikuwa nani vile?"

"Funga bakuli lako, mpumbavu! Mwenyewe akitajwa kwa jina la baba yake, itamrudia."

Mkunde akamkumbuka jogoo. Akamkumbuka mbwa. Akamkumbuka mwanamke wa kinu. Akajishika koo. Sauti! Kulunza ni kumnyang'anya mtu sauti. Na bila sauti, mama yake kipofu angemjuaje?

Kulipokucha, mama mkwe akaleta zawadi ya kinywa. Akaleta shanga. "Pokea, mkamwana, uniamkie." Mkunde akatikisa kichwa. Akaleta bangili. "Pokea, mkamwana, uniamkie." Mkunde akatikisa kichwa. Akaleta nguo nyekundu. "Pokea, mkamwana, uniamkie!" Mkunde akatikisa kichwa.

Na mila ilisema hivi: mwali akikataa zawadi tatu, wakwe wenyewe wamrudishe kwao. Hata wakwe hawa, waliokuwa mazimwi, walioa kwa mila, wakarudisha kwa mila.

"Twende," mama mkwe akamnong'oneza mwanawe. "Kwa mama yake hatajizuia. Tutamlunza mlangoni."

Wakatembea, na ukungu ukawafuata nyuma kama ng'ombe. Wakafika.

"Nani hapo?" Nakiete akauliza.

Mkunde akauma midomo.

"Nani hapo?"

Machozi yakamtoka.

"Nani hapo? Mbona nasikia pumzi za mtu aliaye mlangoni pangu?"

Mama mkwe akashindwa kungoja. "Ni mimi, mkwe mwenzio! Mwanao ana kiburi. Mwambie aseme!"

Nakiete akainua kichwa. "Mkwe gani? Hiyo ni sauti ya Nambike, binti Senzota, aliyeolewa mwaka jana asionekane tena."

"Mama, nyamaza!" mwana akampigia kelele mama mkwe.

"Na huyo ni Mbonea, mwana wa Semvua mfua chuma, aliyepotelea Mkonga. Sauti zenu nazijua. Lakini miguu hiyo ni ya nani?"

Kitu kikapita juu ya paa kwa kishindo cha mbawa, kikaelekea Mkonga. Mama mkwe akapanua mdomo. Kimya. Mwanawe akapanua mdomo. Kimya. Ukungu ukawafunika, na ulipoondoka mlangoni palikuwa na mtu mmoja tu.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe ndiwe wangu."

Nambike, yule mwanamke wa kinu, alirudi kwa baba yake akiimba njia nzima, na Mbonea akatokea porini akimwita Semvua.

Basi, neno geni likikujia, usilipite. Tazama limekaa na nani, jaribu maana, na maana isiyokaa vizuri itupe.

Jogoo je? Hakuwa na jina, wala baba yake, hivyo hakuna aliyemtaja, na hawiki mpaka leo. Sauti yake iko kwa nani, sijui. Mgeni akiwaamkia kwa kuwika, msiitikie.

Hadithi nimeiweka chini. Atakayeiokota aanze kwa kuwataja wenyewe. Sasa fungueni ndimi.