Jicho Halikuuma

Wapendwa, leo sitapaza sauti. Mfano wenyewe unanitia hofu kuusimulia, na nikipiga kelele mtadhani nawatisha ninyi peke yenu.

Alikuwepo mpiga picha mmoja, wa hizi za harusi na ubatizo na pasipoti. Basi ikatangazwa kwamba jua litapatwa, na kwamba pale kwao litaonekana vizuri. Akatamani picha moja ya kutundika mbele ya studio yake: jua limemegwa, na chini yake watu wa mtaa wameinua nyuso. Nani angemlaumu? Lakini alikuwa mwoga wa macho. Baba yake alikufa kipofu, na yeye mwenyewe riziki yake ni jicho. Akafunga safari hadi mjini, kwenye duka la vifaa vya kamera, kutafuta kioo cha kufunga mbele ya lenzi.

Mwenye duka, mama mmoja asiye na maneno mengi, akamwekea vioo viwili mezani. Kimoja kinang'aa kama cha kujitazamia. Cha pili cheusi tii.

"Hiki kinachong'aa ndicho chujio la jua," akamwambia. "Ukikifunga utaona jua peke yake. Kingine chote giza."

"Na watu wangu?"

"Hawataonekana."

"Na miti? Na kanisa letu je?"

"Kaka, nimesema jua peke yake."

Akakishika kile cheusi. "Na hiki?"

"Hicho ni cha wanaopiga picha maporomoko ya maji mchana. Kinapunguza mwanga, hakichuji jua. Kuna moto wa jua ambao hatuuoni, na huo kinaupitisha. Usije ukalichungulia jua kwa hicho."

Mmesikia tofauti? Kupunguza na kuchuja. Akina mama, haya ni mambo yenu ya jikoni. Chujio la chai likiwa jeusi kwa moshi, huo weusi ndio unaokamata majani? Lakini yule bwana alikwisha kukiweka kile cheusi jichoni, akatazama barabarani kupitia mlango wa duka, akaona kila mtu yupo, na mwanga umepoa vizuri. Akakinunua hicho. Njiani akajipa moyo: nitakuwa mwangalifu, jicho likianza kuuma tu, naacha.

Hapo ndipo alipokosea, na naomba mpashike. Hakuchagua upofu. Hivi kuna mtu anachagua upofu? Alichagua kioo kilichomwachia picha yake, halafu maumivu akayapa kazi ya ulinzi.

Siku ikafika. Alasiri, jua limeinama, mwanga ukaanza kufifia. Kuku wakarudi bandani. Watu wakaingiwa na ule woga ambao hakuna anayetaka kuukiri, wakawa wanachekacheka ovyo. Akaisimamisha kamera uwanjani. Akaweka jicho kwenye tundu, akalitoa haraka. Akafumba, akasubiri. Haliumi. Akarudi, safari hii akakawia, jicho hili kisha lile. Haliumi. Jua limetulia mle ndani kama kipande cha papai, na chini yake wanaonekana jirani zake, kwa mbali, kama vivuli.

Mkewe akamsogelea. "Baba Atupele, una hakika na hiki kitu?"

"Nimetazama mwenyewe, tena kwa muda. Haiumi hata kidogo. Njoo uone."

Mkewe akatazama, naye kwa jicho hili kisha lile. Nyuma yake wakapanga mstari: mwalimu wa kwaya, muuza mkaa, mama mmoja mjamzito. Na kila aliyemaliza alimwambia wa nyuma yake neno lilelile, haiumi.

Asubuhi yake mpiga picha akaamka, akamgeukia mkewe amsalimu. Akauona mto. Akaziona nywele, akaona na masikio. Uso hakuuona. Penye uso palikuwa na doa. Akasugua macho, na doa likamfuata kila alikotazama. Na hata wakati huo, wapendwa, hakukuwa na maumivu, kwa maana pale ndani kabisa ya jicho, pale panapoona, hapakuumbwa kuhisi maumivu. Huungua kimya.

Akiwa amekaa vile, hajui aanzie wapi kumweleza mwenzake, mkewe akanyoosha mkono akampapasa shavu. "Baba Atupele," akasema polepole, "mbona sikuoni uso?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Sauti ya mwalimu wa kwaya: "Fundi, samahani kwa kuja mapema. Hili doa huwa linaondoka lini?"

Sasa sisi. Sisi tunaoketi hapa na vioo vyetu vyeusi. Rushwa tunaiita asante. Kumnyang'anya mjane shamba la mumewe tunakuita mila. Uongo wa kazini, tunasema ni kujiongeza. Tumepunguza mwanga wa dhambi mpaka tunaweza kuikodolea macho bila kupepesa, lakini moto wake tumeuchuja lini? Kile kioo cha kweli tulionyeshwa, tukakirudisha kwa sababu kilitunyima picha yetu. Na ukimwonya mmoja wetu, jibu lake ni lipi? Mchungaji, mbona nimefanya miaka yote na sijaona kitu. Ndugu yangu, ni hilo hasa ninaloliogopa. Ungekuwa unaumia, ningelala.

Tena nageuka kuangalia mstari ulioko nyuma yetu. Mtoto wako yumo. Mdogo wako yumo, na yule kijana uliyemwingiza kazini. Wanasogea mmoja mmoja kwenye tundu lile, wametulia kabisa, kwa sababu umewaambia haiumi. Siku watakapokuja kugonga, hawatakuja kwa hasira. Watabisha hodi kwa adabu, watuombe samahani kwa usumbufu, halafu watuulize.