Paka Aliyepiga Hodi

Bisheni! Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, kabla sijaanza, maana nikishaanza sirudi nyuma. We Chande unacheka? Cheka tu. Leo Babu kifua kimembana, kiti chake nimekikalia mimi, na visa vyake vyote ninavyo humu kichwani, tena vya kwangu vina chumvi zaidi. Najua, shule niliiachia darasa la tano. Mwalimu alikuwa akiniuliza mambo asiyoyajua mwenyewe, nikachoka kumsaidia.

Saumu, sogea hapa na tundu la chiriku wako. Paka wako mwache huko huko jikoni. Umesema leo unataka kuwafungulia wacheze pamoja, eti? Basi kisa hiki ni chako.

Haya. Nikisema "Kale!" nyinyi itikieni "Ya nani?"

Kale!

Ya nani?

Ya waliokuwako! Nyinyi mlikuwa bado punje ghalani.

Kale hiyo, milango haikuwa na makomeo. Hodi ndiyo iliyokuwa komeo. Mtu akija, hodi. Mbuzi akija, hodi. Hata paka, nasema hata paka, alisimama kizingitini akapiga hodi. Akijibiwa karibu, huingia. Asipojibiwa, hurudi alikotoka. Mnabisha? Si niliwaambia mbishe mapema!

Katika mji mmoja wa nyumba za mawe alikaa mjane, Bi Mwanaidi. Mumewe, Mzee Shee, alikuwa amefariki akamwachia kasuku. Na kasuku yule alisema kwa sauti ya Mzee Shee, ile ile, yenye mkwaruzo na kicheko kidogo ndani yake. Sasa, Mzee Shee katika uhai wake alikuwa mkarimu kupita kiasi. Ukipiga hodi tu, unasikia: "Karibu, pita ndani, chakula tayari!"

Basi kila asubuhi Bi Mwanaidi alitoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akasimama mlangoni, akapiga hodi.

"Hodi!"

"Karibu, pita ndani, chakula tayari!"

Akaingia, akapangusa macho kwa upindo wa kanga, akaenda kuwasha moto. Kila asubuhi. Nani kacheka? Hapo hapachekwi.

Wakaja panya. Walikula mchele, wakala kamba za kitanda, wakaanza kutafuna tundu la kasuku. Jirani yake, Bi Mkasi, mwanamke wa ulimi, akamletea paka.

"Chukua, shoga. Anaitwa Taratibu. Panya wa kwangu wamehama wote, hata kuaga hawakuaga."

"Na kasuku wangu je?"

"Huyu paka ana adabu. Haingii bila hodi."

Kweli, panya walikwisha. Siku walipokwisha, Taratibu akasimama mlango wa chumba cha kasuku, akasafisha koo.

"Hodi!"

Mnajua kasuku alijibu nini? Semeni!

"Karibu, pita ndani, chakula tayari!"

Lo! Paka akaona kweli chakula tayari, tena kiko tunduni. Akaruka, akatia kucha. Bi Mwanaidi akatoka mbio jikoni na upawa mkononi, akamkuta ana unyoya mwekundu wa mkia mdomoni.

"Toka, mwizi wee!"

"Mwizi?" Paka akaudhika sana. "Mimi mgeni. Nimepiga hodi, nimekaribishwa, nimeambiwa na chakula kipo. Mwizi hapo nani?"

Bi Mwanaidi akashusha upawa. Sheria ni sheria.

Bi Mkasi akasema, "Mfundishe kasuku neno jingine. Mwambie aseme 'Toka!'"

Bi Mwanaidi akakaa mbele ya tundu. "Sema to..." Akajaribu tena, "To..." Akaligeuzia tundu mgongo.

"Umepatwa na nini?" Bi Mkasi akauliza.

"Kasuku amezeeka, shoga. Nikimtia neno jipya, la zamani litatoka. Sauti ya Shee imebaki humu tu. Ikitoka, nitakuwa mjane mara ya pili."

Bi Mkasi, pamoja na ulimi wake wote, akaliacha hilo. Kisha akamshika mikono. "Basi angalau vaa bangili zako. Kesho naoza binti, na eda yako imekwisha zamani. Mikono mitupu kama mipini ya jembe! Utanitia aibu mbele ya wakwe."

Kesho yake Bi Mwanaidi akafungua kasha, akazitoa bangili za fedha alizozivua siku ya msiba. Akazivaa. Alikuwa uani anachana nywele, kichwa wazi, aliposikia ndani:

"Hodi!"

Paka! Akainuka mbio, anavuta kanga huku, anakimbia huku, na bangili zinalia, chang'a-lang'a, chang'a-lang'a! Kasuku akafungua mdomo. Mjane akafumba macho.

"Ngoja kwanza, mgeni! Mwenzangu hajajitanda!"

Sauti ya Mzee Shee.

Paka akabaki mguu mmoja hewani. Bi Mwanaidi naye akasimama pale pale. Miaka yote ya ndoa, kila mgeni alipomkuta kichwa wazi, yeye alikimbia kujitanda, na mumewe mlangoni alimlindia heshima yake kwa maneno hayo. Yeye hakuwahi kuyasikia. Bangili zake mwenyewe zilikuwa zikiyafunika; kasuku ndiye aliyeyashika, pamoja na mlio wa bangili.

Akakaa chini kwenye sakafu, akalia, akacheka, akalia tena.

"Hajajitanda bado?" paka akauliza.

"Bado," akasema Bi Mwanaidi. Akaiacha kanga ikaanguka. "Na leo sijitandi."

Tangu hapo, paka akipiga hodi, bangili hulia, kasuku husema, na paka hukaa kizingitini akingoja. Wakazeeka wote watatu nyumba moja. Ndiyo wahenga wakatufunza: anayekupenda hukulinda hata usipomsikia.

Kisa kimefika kwao. Kama kitamu, gawaneni. Kama kichungu, nirudishieni mwenyewe.

Saumu, unakwenda wapi? Unatafuta bangili za mama? Za nini? Ati umfungulie chiriku, paka akija uzitikise?

Hebu rudi. Keti. Chande, usinicheke, nitakutoa.

Kuna pahali nimeparuka. Babu hupasema, mimi nimepaacha kwa sababu panaharibu utamu. Taratibu alingoja siku ile, na ya pili yake. Ya tatu hakupiga hodi. Paka ni paka, Saumu, hakosi adabu, ana njaa ya kipaka tu. Bi Mwanaidi alimkuta katikati ya chumba, akamwahi. Jioni ile ile akamwita seremala, mlango ukatiwa komeo la mvule, la kwanza katika mji ule. Tundu likapandishwa kwenye boriti. Paka akalishwa jikoni, akashiba kwanza. Na Bi Mwanaidi akitoka kwenda hata kwa Bi Mkasi tu, alilisukuma komeo, akalijaribu kwa mkono, ndipo akaenda.

Bangili alizitikisa mpaka alipokufa, hilo sikudanganya. Lakini bangili zilikuwa zake yeye. Komeo ndilo lililokuwa la paka.

Nipe hilo tundu nikutundikie juu.