Mtetea wa Kabula, Mlango wa Holo, Shimo la Limi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya wanyama kusema, kulikuwa na njia moja iliyotoka bwawani ikapanda mlimani. Kandokando yake walikaa wanawake watatu. Kabula alikaa chini, karibu na maji. Limi alikaa katikati. Holo alikaa juu. Kuku walidonoa njia nzima pamoja, jioni kila mmoja akarudi kwao.

Holo hakuwa na kuku wake mwenyewe. Kabula alimpa mtetea mwekundu amfugie, vifaranga wagawane, kama watu wa huko wafanyavyo mpaka leo.

Kila mwaka, baridi ilipozidi kaskazini, bata wa porini walitua bwawani. Walikuwa wamepita nchi nyingi, na tumboni walibeba ugonjwa ambao wao wenyewe haukuwasumbua. Bata wa Kabula waliogelea nao, wakaupokea. Kuku wakaupata kwa bata. Mwaka wa kwanza kuku walipiga chafya, wakapona. Kabula akasema, "Mafua tu hayo." Lakini kila ulipotoka kwa kuku huyu kwenda kwa yule, ugonjwa ulibadilika kidogo, na nani angeuona? Mwaka wa pili ukawa mwingine kabisa. Asubuhi kuku wa Kabula walivimba vichwa, jioni wote chali, jogoo pia.

Habari ikapanda njia, ikafika kwa Limi. Yeye ndiye aliyekuwa na kuku wengi kuliko wote, na wote walikula vizuri. Alikuwa amesikia redioni kwamba huko ng'ambo watu huua hata kuku wazima, ugonjwa ukose pa kukanyaga. Akachimba shimo. Akawaua wote, akawafukia, hata wa mchuzi hakubakiza. Mumewe akamnunia. Limi alilia, nami simlaumu.

Habari ikapanda, ikafika kwa Holo. Mtetea mwekundu alikuwa ameshalalia mayai. Holo akambeba na mayai yake, akamfungia ndani, akamfunika kwa tenga. Kabula alipokuja kumwona kuku wake, Holo alisimama mlangoni. "Usiingie, dada. Miguu yako imetoka kwenye vifo." Kabula akarudi na hasira zake.

Ugonjwa haukufika kwa Holo. Ulizuiwa na shimo au na mlango? Hakuna ajuaye. Vijiji vya jirani, ambako ulipelekwa na wachuuzi, hakikubaki kitu. Mayai yakaanguliwa, vifaranga walipotolewa nje mwewe akafanya yake, akabaki kifaranga mmoja, naye dume. Nchi nzima ile, kuku walikuwa hao wawili. Kuwatenganisha ni kuwamaliza.

Wakakutana uani kwa Holo, tenga la kuku likiwa katikati yao, majirani wakikaa kusikiliza.

Kabula akasema, "Kuku ni wangu. Nilimtoa nikiwa nao wengi, nikampa asiye na hata mmoja. Leo asiye na hata mmoja ni mimi. Mkininyima, nani tena atampa jirani kuku amfugie?"

Holo akasema, "Angekuwa kwako, dada, angekuwa manyoya tu. Nimelala naye chumba kimoja na mwanangu mchanga, na hofu hiyo haijanitoka. Tena ugonjwa wenyewe ulitoka kwa bata wako. Mkininyang'anya, nani tena atalinda mali ya mwenzake?"

Wakamwita Limi naye.

"Kuku wangu walikuwa wazima," akasema. "Nilipowaita walikuja mbio, wakidhani nawapa mtama. Mume wangu huniuliza kama walikuwa wanaumwa. Dada Kabula ana haki yake. Holo ana kuku ndani. Mimi nina shimo. Haya, ugonjwa ukirudi, mtakuja kumwambia nini anayekaa katikati, ili achimbe shimo tena?"

Majirani wakatazama chini. Kabula naye akatazama chini, lakini mkono hakuutoa kwenye tenga.

Sasa msiniambie wagawane, nimeshasema hawagawanyiki. Wala msiniambie wote wana haki, hilo hata mimi nalijua. Mtetea na kijogoo chake walale nyumba moja usiku huu. Je, nani alistahili kuwachukua?