Paka, Ngawa na Beseni la Mchanga

— Paukwa.

— Pakawa.

— Palikuwa na harufu.

— Ilitoka wapi?

— Kaeni vizuri basi, tuifuate mpaka tuipate.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu walipokuwa wakizungumza lugha moja, aliishi mjane aliyeitwa Bi Zuwena. Nyumba yake ilikuwa ghorofani, katika mji wa mawe wenye vichochoro vyembamba, na humo aliishi na binti yake pamoja na Paka. Huko chini vichochoroni kulikuwa na mbwa wengi, kwa hiyo Paka hakushuka. Haja zake alizimaliza ndani, katika beseni la mchanga lililowekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Kulisafisha ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Paka alikuwa hodari wa panya, lakini mvivu wa beseni. Alifukia, akaondoka. Kesho yake alifukia tena juu ya vya jana, akaondoka. Mchanga ulipolowa, aliongeza mchanga mwingine juu yake. Harufu ikazaliwa jikoni, ikatambaa ukumbini, ikapanda mpaka vitandani.

Siku moja ililetwa habari kwamba siku ya Ijumaa watakuja watu wa upande wa mwanamume kumposa binti. Bi Zuwena alimwita Paka, akamketisha mbele yake.

"Mwanangu, sikuchukii," alisema. "Lakini nyumba inanuka, nami siwezi kuwapokea wakwe katika nyumba inayonuka. Ijumaa ikifika na harufu hii ingalipo, nitakupeleka sokoni ukaishi na wauza samaki. Sitaki ugomvi nawe. Nataka hewa."

Paka alikosa usingizi. Sokoni kulikuwa na samaki, ndiyo, lakini kulikuwa pia na mbwa, na mapaka shume wasiojua hata kuamkia.

Sasa, kwenye dari ya nyumba ya jirani aliishi Ngawa. Ngawa ni mnyama wa madoadoa, anayefanana na paka, na chini ya mkia ana kifuko cha mafuta yenye harufu kali. Mafuta hayo huitwa zabadi, na watengenezaji wa manukato huyatia kidogo sana katika kazi yao. Kwa sababu hiyo Ngawa alijiona bingwa wa mambo yote ya harufu. Tena kwa muda mrefu alikuwa akiitamani nafasi ya Paka, pale penye joto la jiko. Paka hakulijua hilo. Alimwendea kwa kupitia juu ya mapaa, akamweleza yaliyompata.

Ngawa akanusa hewa, akatikisa mkia, akasema, "Binamu, harufu mbaya hufukuzwa na harufu nzuri. Fukiza udi."

Shauri hilo halikuwa geni. Katika mji ule kila nyumba ilifukizwa udi jioni, na nguo vilevile, na nywele za mabibi vilevile. Paka akachukua chetezo, akatia makaa, akatia udi, akakiweka kando ya beseni. Nyumba ikajaa moshi, na kwa kitambo kidogo ikanukia. Moshi ulipopungua, harufu ya zamani ilirudi imejivika udi, ikawa nzito kuliko kwanza. Binti wa Bi Zuwena akasema kwamba sasa nyumba ilikuwa kama harusi iliyofanyiwa chooni.

Paka akamrudia Ngawa.

Ngawa akanusa hewa, akatikisa mkia, akasema, "Moshi huenda juu, binamu, na taabu yako iko chini. Mimina marashi ndani ya mchanga wenyewe."

Paka akamimina marashi ya waridi, chupa nzima. Jioni alipokwenda kujisaidia, alitia mguu mmoja mchangani, pua ikamwasha, machozi yakamtoka, kwa maana pua ya paka husikia zaidi ya pua ya binadamu. Akautoa mguu. Akaenda kumaliza haja yake juu ya mkeka mpya uliotandikwa kwa ajili ya wageni.

Bi Zuwena hakugomba. Aliufua mkeka, kisha akamuuliza Paka kwa upole anapenda samaki wa aina gani.

Paka akamrudia Ngawa mara ya tatu.

Ngawa akanusa hewa, akatikisa mkia, akasema, "Lifungie kabatini, binamu, pasipopita upepo. Harufu itakosa njia ya kutokea."

Paka akalisukuma beseni kabatini, akafunga mlango. Alipoufungua tena, harufu iliyokuwa imejikusanya humo ilimrukia usoni, akapiga chafya mpaka akakaa chini. Ngawa, aliyekuwa akichungulia dirishani, akamwambia asihuzunike: atakapohamia sokoni, yeye mwenyewe atamtunzia nafasi yake ya jikoni.

Hapo Paka akatambua kwamba Ngawa anaitaka nafasi yake. Kisha akaligeukia beseni, akaanza kupiga hesabu.

"Nimeongeza moshi," alisema. "Nimeongeza marashi. Nimeongeza mlango. Na kila siku naongeza vyangu mwenyewe. Je, nimetoa nini?"

Hakuwa ametoa kitu.

Basi Paka akaanza kutoa. Aliutoa mchanga wote wa zamani, ukaenda kufukiwa shimoni. Akalisugua beseni kwa maji ya moto na sabuni, akalisuuza mpaka hata sabuni yenyewe haikunukia, akaliweka juani mpaka likakauka kabisa, kwa kuwa unyevu huishika harufu. Akatia mchanga mkavu, wa kiasi cha kufukia, akachanganya na mkaa kidogo uliopondwa. Akaliweka beseni karibu na dirisha. Tangu hapo, kila asubuhi na kila jioni, alichukua upawa wa kifuu uliotobolewa matundu, akachota: mchanga safi ulipita chini, uchafu ukabaki juu, ukatupwa. Mchanga ulipopungua, aliujaza.

Siku ya Alhamisi Bi Zuwena alisimama jikoni, akavuta pumzi, akaendelea kukuna nazi. Hakuzungumza tena habari za samaki.

Ijumaa Ngawa aliamini kwamba Paka amekwisha kuhamishwa. Bi Zuwena na Paka walipokuwa mlangoni wakingoja wageni, akaingia kwa dirisha, akajilaza jikoni penye joto. Mara akasikia hodi, na vicheko vya wanawake ngazini. Akakimbilia ukumbini, akajificha nyuma ya pazia.

Wageni wakaingia. Aliyetangulia ni Bi Arafa, mama wa kijana. Alipofika katikati ya ukumbi alisimama, akaziba pua kwa ncha ya buibui.

"Zuwena, dada yangu," alisema, "humu mna nini?"

Bi Zuwena akamgeukia Paka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," akasema Paka, "kabla hujanihukumu, njoo unuse beseni langu."

Bi Zuwena akainama juu ya beseni, akanusa. Akamwita Bi Arafa, naye akainama, akanusa. Palinuka mchanga tu.

"Basi si hapa," alisema Bi Arafa. "Tuifuate."

Wakaifuata wote hatua kwa hatua, mpaka kwenye pazia. Bi Zuwena akalivuta. Ngawa alikuwa amejikunyata ukutani, na kwa hofu kifuko chake kilikuwa kimefunguka, zabadi mbichi ikimchuruzika miguuni. Bi Arafa akashika ufagio, akamtoa mbio ngazini na vichochoroni hadi nje ya mji. Mpaka leo Ngawa huishi porini, na hakuna anayemkaribisha sebuleni.

Madirisha yakafunguliwa, wageni wakaketi, kahawa ikamiminwa. Bi Arafa alisema, "Nyumba ambayo hata paka wake ni msafi, binti yake sina haja ya kumuulizia." Posa ikakubaliwa. Paka akaenda kujilaza penye joto la jiko, na hakuna aliyemwondoa.

Hadithi hii inatufundisha kwamba uchafu hauondoki kwa kupambwa, kufunikwa wala kufichwa. Huondoka unapotolewa, na hutolewa kila siku.

— Hadithi yangu imefika ukomo. Lililo zuri ndani yake lichukueni nyote.

— Na lililo baya?

— Niachieni mimi nikalitupe.